Zea, Malazi ya Merikebu

Mtu apatapo chombo cha tanga na kutaka kukiweka katika Bahari ya Mediterania, aghalabu hutazama kwanza uzuri wa mji, wepesi wa kufika na kadiri ya kodi, na yote hayo yanastahili kutazamwa. Lakini historia ya bahari ile yatufundisha kwamba bandari haipimwi kwa siku ambazo chombo kimetweka tanga, bali kwa miezi ambayo kimelala bila mwenyewe, mlinzi wake akiwa ni gati, kamba na uaminifu wa watu. Sijui mahali panapolithibitisha jambo hili kwa uwazi zaidi kuliko Zea, ghuba ndogo ya mviringo katika Piraeus, bandari ya mji wa Athene, ambayo ilikuwa ikilaza merikebu katika karne ya 5 K.K., na ambayo hata leo imejaa vyombo vya tanga.

Mabaharia wa kale wa Ugiriki na Rumi walikuwa na msimu wa kusafiri na msimu wa kufunga bahari, kama wazee wetu wa pwani walivyokuwa wakivipandisha vyombo kusi ilipochafuka. Hesiod, mshairi wa nchi ya Boeotia aliyeishi takriban mwaka 700 K.K., alimuusia ndugu yake Perses katika utenzi wake wa *Kazi na Siku* kwamba majira ya baridi yaingiapo akivute chombo nchi kavu, akizungushie mawe pande zote kikabili nguvu za pepo, achomoe nguruzi ili maji ya mvua yasiozeshe mbao, vifaa vyote avipeleke nyumbani, na usukani autundike juu ya moshi wa jiko. Na Vegetius, mwandishi wa Rumi aliyekuja zaidi ya miaka 1,000 baada yake, aliandika kwamba bahari hufungwa tangu tarehe 11 Novemba hata tarehe 10 Machi.

Hapa yafaa msomaji wa pwani yetu akumbuke tofauti moja kubwa. Kwetu, bamvua huyainua maji kwa mita tatu na zaidi, hivi kwamba nahodha akitaka kukwangua chombo chake, kukikalafati na kukipaka deheni, hungoja maji yajae akakisogeza pwani, kisha kupwa kukamfanyia kazi ya watu hamsini. Mediterania haina neema hiyo, kwa kuwa mahali pengi maji yake hayapandi wala kushuka hata nusu mita; chombo kitakacho kutoka majini hakina budi kuvutwa kwa mikono, na pasipo kutoka, mbao hunywa maji zikawa nzito, na wadudu wa baharini huzitoboa mpaka zikawa kama sega la nyuki.

Waathene nao walikuwa wakivuta merikebu zao katika ufuko wa Phaleron, uliokuwa wazi kwa pepo na kwa adui, mpaka Themistocles, aliyeshika uongozi wa mji mwaka 493 K.K., alipowashawishi waiache pwani ile ya mchanga, wajenge ngome katika rasi ya Piraeus, ambayo Mungu aliijalia bandari tatu za asili. Kantharos, iliyo kubwa kuliko zote, ikawa hasa ya biashara. Zea na Munichia, zilizo ndogo na zenye milango myembamba, zikawekwa kwa merikebu za vita. Themistocles hakuchagua palipokuwa karibu wala palipozoeleka. Alichagua mahali ambapo chombo kingeweza kulindwa kikiwa hakina nguvu ya kujilinda.

Kuizunguka Zea yakajengwa mabanda ya merikebu, safu kwa safu, yenye nguzo za mawe, paa za vigae na sakafu iliyoinama kuelekea majini. Merikebu ya safu tatu za makasia ilikuwa na urefu wa karibu mita 37 na upana wa mita tano na nusu hivi, na banda lake lilikuwa na upana wa mita sita na kidogo, kwa hiyo kuingiza chombo humo tezi ikitangulia kulitaka watu wengi, kamba madhubuti na ustadi usiokosea hata kwa shibiri chache. Karibu na mwaka 330 K.K. mabanda ya Zea yalifika 196, ya Munichia 82, na ya Kantharos 94, jumla yake 372.

Lakini mabanda peke yake hayatoshi, na Waathene walilijua hilo. Wasimamizi wa gudi waliandika juu ya mawe, na mengi ya mawe hayo yangalipo, jina la kila merikebu, hali yake, makasia yaliyofaa na yaliyooza, na jina la tajiri aliyekabidhiwa vifaa vya dola asivirudishe. Matanga na kamba vilitengewa ghala kubwa lililobuniwa na Philo, lenye urefu wa futi 400, ambalo maagizo ya ujenzi wake yalifukuliwa mwaka 1882; na katika maagizo hayo imeamriwa kwamba katikati iachwe njia, ili raia apitaye humo avione vifaa vyote kwa macho yake. Hiyo ndiyo amana kamili: mali hulindwa kwa kufuli, hulindwa kwa daftari, na juu ya yote hulindwa kwa kuonekana na wenyewe.

Athene iliposhindwa vitani mwaka 404 K.K., wale watawala thelathini walioshika mji waliyauza mabanda ya awali yabomolewe. Isocrates, mwandishi wa Athene, asema kwamba yaliugharimu mji si chini ya talanta 1,000, nao waliyatoa kwa talanta tatu. Waathene wakajenga tena katika karne iliyofuata, mpaka Sulla wa Rumi alipoitia Piraeus moto mwaka 86 K.K., na ghala la Philo likateketea. Baada ya hapo karne nyingi zilipita bandari ikiwa ya wavuvi na wapita njia, hata Athene ilipofanywa makao makuu ya Ugiriki mpya mwaka 1834.

Leo katika Zea vyombo hufungwa tezi ikielekea gati na omo ikivutwa na kamba itokayo chini ya bahari, namna ya kufunga ambayo imewezekana kwa sababu ileile ya maji yasiyopanda wala kushuka. Mawe ya mabanda ya kale yamehifadhiwa chini ya jengo la makazi karibu na ukingo wa ghuba. Na katika jumba la makumbusho la Piraeus mna macho ya marumaru yaliyookotwa Zea, ambayo yalitiwa kwenye omo za merikebu zipate kuona njia, kama mafundi wa mitepe ya Lamu walivyokuwa wakichora macho ya vyombo vyao.

Basi atakaye kuchagua bandari katika bahari ile na aulize kwanza mlango wake umeelekea pepo gani, kwa kuwa pepo za kaskazini za majira ya joto si zile za kusini ziletazo dhoruba za baridi. Kisha aulize chombo hutolewaje majini, na mafundi gani wapo karibu. Na mwisho aulize ni nani aandikaye hali ya vyombo, na kama mwenye mali huruhusiwa kuyaona maandishi hayo. Na akiambiwa kwamba kuna mahali pa bei nafuu pasipokuwa na hata moja katika hayo, azikumbuke talanta tatu za watawala wale, ajue kwamba atakachookoa katika kodi atakilipa katika mbao, chuma na matanga.