Mficha Uchi Hazai

Dikoni Tumbe kila jambo husemwa waziwazi: bei ya samaki, siasa, hata deni la mtu. Jambo moja tu husemwa kwa fumbo: jogoo wa fulani hawiki.

Nilipokuwa kijana nilimshikia taa ami yangu akiumikwa usiku. Muumishi alimbandika pembe la ng'ombe kiunoni, akanyonya hewa kwa tundu la nchani, akaliziba kwa nta. Ngozi ikavimba, ikaiva. "Naivuta damu," alisema. Ami alidai ni maumivu ya kiuno. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu shida yake hasa.

Chuku ya kiunoni haitibu shida hiyo. Lakini wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi, kwani nguvu za kiume ni damu kujaa na kutulia. Mwaka 1917 Otto Lederer wa Vienna alisajili chombo cha namna hiyo: hewa hutolewa kuuzunguka uume, damu ikavutika, kisha mpira ukabana shinani isirudi. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Geddings Osbon alijitengenezea chake, na mwaka 1982 serikali yao ikaruhusu kiuzwe kwa cheti cha daktari. Hakina kisu wala dawa, ila mpira usizidi nusu saa. Mwaka 2010 madaktari wa Israeli walitangaza majaribio ya mawimbi ya mshtuko, ili mishipa ipitishe damu vizuri zaidi. Hayo wataalamu wangali wanayabishania.

Naam, pembe, bomba na mawimbi huihimiza damu ije. Havielezi kwa nini ilikawia. Mishipa ya hapo ni myembamba kuliko ya moyo, basi kisukari, presha na sigara huweza kuidhuru mwanzo. Kwa wanaume wengi udhaifu huo hutangulia maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa.

Ami alianguka pwani akivuta ngalawa, hajatimiza miaka sitini. Hakuwahi kupimwa presha. Sisemi tungemwokoa, ajali ni ya Mungu. Nasema mwili wake huenda ulileta habari mapema, naye akaificha, na mimi niliyeshika taa nikanyamaza.

Ndugu msomaji, likikufika, nenda kituo cha afya, mweleze daktari, upimwe presha na sukari. Hiyo si aibu.