Bastola chuoni: tusiogope kuliongea hili

Juzi nilikuwa harusini Mji wa Kale. Bwana harusi katoka na joho lake, kilemba, na jambia kiunoni. Watu wanapiga picha, wamama wanapiga vigelegele, hakuna aliyeshtuka kuona silaha. Nikamuuliza babu mmoja pale barazani, hii jambia ni ya nini? Akanicheka. "Mwanangu, zamani hiyo haikuwa pambo. Mtu mzima alikuwa hatoki nyumbani bila hiyo."

Nikarudi nyumbani nikiwaza. Kama babu zetu walitembea na silaha, sisi tuliachia wapi?

Wasee, kwa ufupi ni hivi. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kule Brussels kubana biashara ya bunduki Afrika. Mwaka 1895 Uingereza ikaitwaa pwani hii, Mbaruk bin Rashid wa Gazi akapigana nao akashindwa, na Fort Jesus ikageuzwa jela. Sheria yetu ya silaha, ile Sura ya 114, ilitungwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari. Ilikuwa serikali ya kikoloni inayoogopa raia wake. Uhuru ulikuja, sheria ikabaki. Imefanyiwa marekebisho, lakini wazo la chini ni lile lile: bunduki ni ya serikali, na wewe raia ukitaka, omba.

Mimi sina shida na kuomba. Leseni ni lazima, na msako wa tabia na akili ya mtu ni lazima. Shida yangu ni tukifika lango la chuo. Hapo hata aliyechunguzwa akapewa leseni tunamwona kama jambazi.

Sasa tukumbuke tarehe 2 Aprili 2015. Chuo Kikuu cha Garissa, alfajiri. Watu wanne wenye bunduki walianza na walinzi wa lango, wakaingia, wakafika hosteli. Waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika langu na lako. Garissa ina kambi ya jeshi, si kwamba hakukuwa na wanajeshi karibu. Lakini kikosi maalum kilibidi kitoke Nairobi, na mpaka yote yanaisha ilikuwa jioni. Hebu jiweke pale. Uko chini ya kitanda tangu alfajiri, unasikia milango ikifunguliwa mmoja mmoja, na msaada uko njiani.

Linganisha na Westgate, tarehe 21 Septemba 2013. Pale walikufa watu 67. Lakini kabla vikosi maalum havijajipanga, raia wenye leseni waliingia na bastola zao pamoja na polisi wachache, wakatoa watu. Mmoja wao ni Abdul Haji, ambaye leo ni seneta wa Garissa hiyo hiyo. Bastola haishindi bunduki kubwa, hilo najua. Lakini inamfanya muuaji ajifiche badala ya kutembea mlango kwa mlango, na dakika hizo ndizo watu walizotumia kukimbia.

Haya, najua mtaniambia nini. Na historia yetu wenyewe iko upande wenu pia, sitaificha.

Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno wenyewe, aliivamia Fort Jesus kwa ghafla. Akamuua kapteni, kisha Wareno wa mji mzima wakauawa, wanawake na watoto ndani. Silaha na kuta hazikuwasaidia, kwa sababu adui alikuwa mtu wanayemjua. Halafu Agosti 1997, Likoni, wavamizi waliingia kituo cha polisi, wakaua maafisa na kuondoka na makumi ya bunduki. Yaani silaha iliyowekwa vibaya inamsaidia adui.

Kuna na hofu. Siku kumi tu baada ya Garissa, transfoma ililipuka karibu na hosteli za Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kikuyu. Wanafunzi walidhani ni magaidi, wakaruka madirishani, na mmoja akafa. Fikiria usiku ule kila kijana wa miaka 19 angekuwa na bastola.

Ndiyo maana sisemi kila mwanafunzi abebe. Hata Texas, walioruhusu mwaka 2016, wakati huo leseni kwa kawaida ilianzia miaka 21. Ninachotaka mimi ni hiki: wahadhiri, wasimamizi wa hosteli na wanafunzi watu wazima ambao tayari wana leseni waruhusiwe kubeba bastola chuoni, imefichwa chini ya nguo. Chuo na polisi wawe na majina yao. Wapimwe shabaha na akili kila mwaka. Silaha ikae mwilini au kwenye sefu, isilale hosteli hata siku moja. Akilewa nayo au akiitoa kutishia mtu, leseni imeenda.

Hapa kisiwani tuna Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, Tudor, kilichoanza kama taasisi ya elimu ya Waislamu zaidi ya miaka 70 iliyopita. Vyuo vingi nilivyoingia, aliyenipekua langoni ni soja mwenye rungu na kile kifaa cha kulia pii. Nawaheshimu sana wale wazee. Lakini tunawaomba wasimame mbele ya bunduki kwa niaba yetu, mikono mitupu, halafu tunajiita salama.

Kama unapinga, poa, tubishane. Lakini usiniambie "polisi watakuja" tu, basi. Garissa pia walikuja.