Brashi ya kurekebisha picha inapoharibika baada ya programu kusasishwa

KATIKA studio za picha zilizotapakaa mjini Machakos, takriban kilomita 60 kusini mashariki mwa Nairobi, kazi inayohitaji mkono mtulivu zaidi si ya picha za harusi wala za mahafali. Ni ile picha kuukuu ambayo jamaa wa marehemu huileta ikiwa imekunjwa ndani ya bahasha, mara nyingi ikiwa ndiyo ya pekee iliyosalia, ili ikuzwe na kuchapishwa katika kijitabu cha ratiba ya mazishi. Picha hiyo huwa na mikunjo, madoa ya maji na pengine muhuri uliopita juu ya shavu. Fundi hutarajiwa kuyaondoa yote hayo pasipo kuibadilisha sura ya mwenyewe, na kwa muda wa siku moja au mbili tu.

Huo ndio wakati ambapo hitilafu ndogo katika programu ya tarakilishi hugeuka kuwa balaa. Fundi aliyefunga kazi jioni mambo yakiwa shwari huwasha mashine asubuhi na kukuta programu imejisasisha. Zana aliyoizoea kwa miaka mingi sasa inaacha ukungu wa kijivu kwenye paji la uso, inavuta weusi wa nywele hadi shavuni, inakwama kwa sekunde kadhaa kila inapoguswa, au haifanyi lolote. Jamaa wanasubiri nje, na mazishi hayaahirishwi kwa sababu ya programu.

Tatizo la aina hii si geni, na aghalabu lina ufumbuzi. Muhimu ni kufuata hatua kwa utaratibu badala ya kubofya huku na huko kwa hamaki.

Zana yenyewe

Programu inayotumiwa zaidi na mafundi wa picha duniani ni Photoshop, iliyobuniwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, na kutolewa na kampuni ya Adobe mnamo Februari 1990. Kwa miaka mingi, fundi aliyetaka kufuta doa alitegemea muhuri wa kunakili, zana inayochukua kipande cha picha mahali pamoja na kukibandika penginepo kama kilivyo. Kasoro yake ni kwamba kipande kilichotoka penye kivuli kikibandikwa penye mwanga huonekana wazi kuwa ni kiraka.

Mnamo 2002, Photoshop 7.0 ilileta brashi ya kuponya, ambayo alama yake ni plasta ya kidonda. Zana hii hainakili tu. Huchukua umbile la ngozi au kitambaa kutoka mahali ambapo fundi amepachagua kwa kubofya huku akibonyeza kitufe cha Alt, kisha hupiga hesabu ili rangi na mwanga vilingane na kingo za mahali panaporekebishwa. Mnamo 2005, toleo la CS2 liliongeza brashi ya madoa, ambayo hujichagulia yenyewe mahali pa kuchukua umbile hilo. Programu ya GIMP, ambayo hupatikana bila malipo, ilipata zana yake ya kuponya katika toleo la 2.4 la mwaka 2007.

Kuifahamu hesabu hiyo ya kingo ni muhimu, kwa kuwa si kila ukungu ni hitilafu. Brashi ikigusa mpaka baina ya mwanga mkali na giza, kwa mfano pale nywele zinapokutana na paji la uso au ukosi mweupe na shingo, hesabu hujumuisha rangi za pande zote mbili na kuzalisha uchafu. Hilo hutokea hata kwenye programu isiyo na kasoro yoyote.

Kwa nini masasisho huvuruga mambo

Kuna sababu nne kuu, na kila moja ina dawa yake.

Sababu ya kwanza ni mipangilio kubadilika. Toleo jipya linapowekwa, zana zinaweza kurejea katika hali ya kiwandani na kupoteza chaguo alizozizoea fundi. Ile inayosumbua zaidi ni chaguo la tabaka ambalo zana inachukulia sampuli. Mafundi makini hufanya marekebisho kwenye tabaka tupu lililo juu ya picha ili picha asilia isiguswe. Zana ikirudi kusoma tabaka la sasa pekee, hukuta tabaka hilo ni tupu na haina cha kunakili. Fundi hudhani zana imekufa, kumbe imeelekezwa mahali pasipo na kitu.

Sababu ya pili ni hesabu yenyewe kubadilishwa kwa makusudi. Mnamo 2015, Adobe iliifanya brashi ya kuponya kuonyesha matokeo papo hapo fundi anapopaka. Kasi iliongezeka, lakini matokeo hayakulingana na yale ya awali, na baadhi ya watumiaji walilalamika kuwa rangi zilichafuka kwenye kingo. Baadaye kuliongezwa kidhibiti cha msambao chenye viwango vya 1 hadi 7, pamoja na kisanduku cha kuirejesha hesabu ya zamani. Vyote viwili huonekana kwenye upau wa juu wa chaguo brashi ya kuponya inapokuwa imechaguliwa.

Sababu ya tatu ni kadi ya michoro. Matoleo ya miaka ya karibuni huiachia kadi hiyo sehemu kubwa ya kazi. Programu ikisasishwa ilhali kiendeshi cha kadi ni cha zamani, huweza kutokea miraba myeusi, kuganda kwa skrini au brashi kuchelewa nyuma ya kipanya. Mashine zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika zimo hatarini zaidi, kwani watengenezaji wa kadi huacha kutoa viendeshi vipya kwa kadi za zamani.

Sababu ya nne ni hitilafu halisi katika toleo lenyewe. Hii ipo, na kampuni kubwa hazijasalimika nayo. Mnamo Agosti 2020, toleo la 5.4 la programu ya Lightroom kwa simu za iPhone na tableti za iPad lilifuta picha ambazo baadhi ya watumiaji walikuwa hawajazihifadhi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Adobe iliomba radhi na kutoa toleo la 5.4.1 kurekebisha kasoro hiyo, lakini picha zilizokuwa zimefutika hazikuweza kurejeshwa.

Hatua za kufuata

Kabla ya lolote, fundi aihifadhi nakala ya faili anayoishughulikia kwa jina jingine, na kwenye diski nyingine ikiwezekana. Kisha aifungue picha tofauti kabisa na kuijaribu zana hiyo hiyo. Ikifanya kazi vyema huko, tatizo li katika faili wala si katika programu. Huenda faili imehifadhiwa kwa rangi chache, kama zilivyo picha za aina ya GIF, ambazo brashi ya kuponya haifanyi kazi juu yake. Dawa ni kuibadilisha picha iwe katika mfumo kamili wa rangi.

Ikiwa tatizo ni lile lile, hatua ya kwanza ni kuirejesha zana katika hali yake ya mwanzo. Hufanywa kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya zana iliyo mwanzoni mwa upau wa chaguo na kuchagua kuiweka upya. Baada ya hapo, sampuli ielekezwe kwenye tabaka la sasa na yale yaliyo chini yake.

Hatua ya pili ni kurekebisha msambao. Kiwango cha chini hufaa picha zenye chembechembe au umbile la kina, na kiwango cha juu hufaa sehemu laini. Picha ya zamani iliyopitishwa kwenye skana kwa kawaida huwa na chembechembe nyingi, hivyo ni busara kuanza na 2 au 3 badala ya 5. Matokeo yasiporidhisha, kisanduku cha hesabu ya zamani kijaribiwe.

Hatua ya tatu ni kuizima kadi ya michoro kwa muda. Katika mapendeleo ya programu, sehemu ya utendakazi, kuna kisanduku cha kuiruhusu programu kutumia kadi hiyo. Kiondolewe alama, programu ifungwe na kufunguliwa upya. Ikiwa hitilafu imetoweka, mkosaji amejulikana, na kinachohitajika ni kiendeshi kipya kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Kasi ya kazi itapungua kwa sasa, lakini kazi itakamilika.

Hatua ya nne ni kuyafuta mapendeleo yote. Kwenye Windows, fundi hubonyeza Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja mara tu baada ya kuianzisha programu, kisha hukubali swali linalojitokeza. Kabla ya kufanya hivyo, ahifadhi nje brashi na mipangilio aliyojitengenezea, kwa kuwa mpangilio wa dirisha na chaguo nyingi zitarejea katika hali ya mwanzo.

Hatua hizi zifanywe moja baada ya nyingine, na zana ijaribiwe kila baada ya hatua. Anayebadilisha mambo matano kwa mpigo hata akifaulu hatajua ni lipi lililomwokoa, na tatizo likirudi wiki ijayo ataanza upya.

Kazi isisimame

Mteja anayesubiri hahitaji kujua jina la hitilafu. Anahitaji picha. Muhuri wa kunakili ungalipo katika kila toleo na hautegemei hesabu ya kingo. Ukitumiwa kwa brashi laini na kwa nguvu ndogo, kwenye tabaka la juu, huweza kuondoa mikunjo mingi kwa ustadi. Kwa hakika, penye mipaka mikali kama ukosi na nywele, muhuri ndio chaguo bora hata brashi ya kuponya inapokuwa nzima. Fundi mwenye GIMP kwenye mashine hiyo hiyo anaweza pia kuifungua nakala ya picha huko, kuondoa madoa, kisha kuirudisha.

Ikiwa hakuna linalosaidia, lililobaki ni kurudi kwenye toleo la awali. Programu ya Creative Cloud humwezesha mtumiaji aliyelipia kupakua toleo la nyuma, ila tangu Mei 2019 Adobe imewawekea wateja wengi mpaka wa matoleo makuu mawili ya karibuni. Hapa ndipo gharama ya data inapouma, kwa maana faili ya programu ni ya ukubwa wa gigabaiti kadhaa. Aliyeliacha toleo la zamani kwenye mashine alipokuwa akiweka jipya hujiepushia gharama hiyo. Wakati wa kupandisha toleo kuu kuna chaguo la kuondoa matoleo yaliyotangulia, na chaguo hilo laweza kuwa limewekwa alama tayari. Liondolewe.

Kujikinga

Tangu 2013, Adobe ilipotangaza kuwa matoleo yake mapya yangepatikana kwa malipo ya usajili, masasisho yamekuwa yakija mara kwa mara. Kujisasisha kwa programu kunaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya Creative Cloud. Hilo halimaanishi kuyakwepa masasisho daima, kwani baadhi huziba mianya ya usalama. Maana yake ni kuchagua wakati. Studio ambayo shughuli zake hupamba moto kuelekea mwisho wa juma isisasishe programu siku ya Alhamisi. Studio yenye mashine mbili isasishe moja kwanza na kuiacha nyingine ikingoja.

Aidha, picha asilia iliyotoka kwenye skana isiguswe kamwe. Kazi ifanywe kwenye nakala yenye matabaka, na faili ya JPEG itolewe mwishoni kwa ajili ya uchapishaji pekee. Anayehifadhi juu ya faili asilia hana pa kurudi brashi ikiharibu sura, na bahasha iliyoletwa huenda imekwisha kurudishwa kwa wenyewe.

Tahadhari mbili zinastahili kuzingatiwa. Fundi anayetafuta msaada kwa wenzake asiwatumie picha ya mteja bila idhini, kwa kuwa picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Apige mfano kwa picha yake mwenyewe. Pili, si kila picha inafaa kurekebishwa. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kuhusu hati za usafiri havikubali picha ya pasipoti iliyobadilishwa sura kwa tarakilishi, hivyo brashi ya kuponya haina kazi usoni pa mwombaji pasipoti, iwe nzima au mbovu.

Kwa picha ile ya bahasha, kipimo cha mwisho si programu. Ni jamaa wa marehemu kuitazama na kumtambua mtu wao. Doa dogo lililosalia pembeni watalisamehe, lakini sura iliyolainishwa hadi ikawa ya mtu mwingine haiwezi kusameheka. Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Fundi anayelihifadhi toleo la zamani, muhuri wa kunakili na picha asilia ana mahali pa kukalia msala mpya unapokunjwa.