Pantalo ya mama

Wandugu, tunaposhona kanzu pana na pantalo nyumbani, tukumbuke kwamba nguo nayo iliwahi kuwa siasa. Mwaka 1972, kwa jina la « Authenticité », Mobutu alikataza kostime na kravati. Wanaume wakavaa abacost, maana yake « à bas le costume », kostime chini! Bamama wakaamriwa kikwembe. Pantalo ikawa makosa. Tarehe 24 Aprili 1990 ndipo aliruhusu tena kravati.

Mama yangu alijua kushona tangu usichana, lakini pantalo yake ya kwanza alijishonea kiisha hapo: pana, mifuko mbili, kwa mashini ya mkono.

Hata leo kuko wanaosema pantalo si ya mwanamke, eti ni desturi yetu. Hapana, ilikuwa amri ya serikali. Dada, kata kitambaa chako.