Shahidi wa maabara naye ahojiwe

Kwenye chumba cha habari kuna swali ambalo kila mwandishi chipukizi analijua: "Nani mwingine amethibitisha?" Mimi niliwahi kuulizwa nikiwa na chanzo kimoja tu. Nikabisha, habari ikatoka, na kesho yake tukaomba radhi ukurasa wa pili. Basi leo niwasimulie kuwa wanasayansi nao wana chanzo cha namna hiyo. Kinaitwa kingamwili.

Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili kumnasa adui. Watafiti huigeuza kuwa mpelelezi: ukimdunga sungura kipande cha protini unayoitafuta, damu yake hutoa kingamwili zinazoinasa protini hiyo. Mwaka 1975, kule Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaliana. Wakapata kiwanda cha kingamwili za aina moja tu, zisizokwisha. Mwaka 1984 wakapewa Tuzo ya Nobel, pamoja na Niels Jerne.

Mpelelezi huyu ametumwa kutafuta protini nyingi. Nichukue moja tu, inayosaidia kuunda nanga. Ndiyo, nanga! Baadhi ya protini hukaa juu ya seli zikiwa zimeshikiliwa na nanga ya mafuta na sukari iitwayo GPI. Umbo lake kamili lilijulikana kwanza mwaka 1988, kutoka kwa kijidudu ambacho si kigeni kwetu: tripanosoma, kinachoenezwa na mbung'o na kuleta malale, ugonjwa uliofagia watu kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya 20. Kijidudu hicho hujifunika koti la protini takribani milioni 10, zote zikiwa na nanga, na hubadilisha koti ili kuikwepa kinga ya mwili.

Mwaka 1993 timu ya Taroh Kinoshita huko Osaka, Japani, iliitambua jeni iitwayo PIGA. Protini yake, yenye asidi-amino 484, ni sehemu ya kimeng'enya kinachoanza kazi ya kuunda nanga. Jeni hiyo ikiharibika kwenye seli shina za uboho, seli nyekundu za damu huzaliwa bila walinzi wao, na kinga ya mwili huzipasua. Mgonjwa huishiwa damu, na mara nyingine mkojo wa asubuhi huwa mweusi. Paul Strübing wa Ujerumani aliueleza ugonjwa huo kwa kina mwaka 1882. Hesabu mwenyewe: miaka 111 mpaka jeni kupatikana!

Leo mtafiti anayetaka kuiona protini ya PIGA hununua kichupa cha kingamwili. Huzitenganisha protini za seli kwa ukubwa, huzipaka kingamwili, mstari ukatokea, naye huandika: ipo. Je, kama kingamwili imenasa protini nyingine?

Hofu hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliopima kingamwili 614 zinazouzwa, kwa protini 65. Zaidi ya nusu zilishindwa katika jaribio moja au zaidi. Kwa wastani, kila protini ilikuwa na machapisho yapatayo 12 yaliyotumia kingamwili isiyoitambua. Fedha za utafiti zimekwenda hapo, na wagonjwa wanasubiri.

Dawa ipo, na inafanana na ya kwetu. Chukua seli ulizoiondoa jeni ya PIGA, uzipime kwa kingamwili ileile. Protini haipo, kwa hiyo mstari wake lazima upotee. Ukibaki palepale, shahidi wako amemtaja mtu ambaye hakuwepo.

Sisemi kingamwili ni waongo. Eculizumab, dawa ya ugonjwa huohuo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, ni kingamwili. Ninachosema ni kwamba shahidi mzuri haogopi kuhojiwa. Anayemleta ndiye huogopa, kama mimi siku ile.

Tukijaliwa, wiki ijayo.