Nani alianzisha ufugaji Laikipia?

1/ Mjadala wa ardhi ukipamba moto, hakosi mtu wa kusema: "Laikipia ilikuwa kame na tupu, walowezi ndio walileta ufugaji." Wacha niweke historia sawa.

2/ Tupu? Mkataba wa 1904 uliwahamishia baodhi ya Wamaasai huko na kuwaahidi ardhi maadamu kabila lao lipo. 1911 ukaja mwingine, wapelekwe kusini. Wakaenda kortini 1913, kesi ikatupwa.

3/ Kazi ya walowezi naikubali: mabwawa, majosho, seng'enge, biashara ya nyama na sufu. Lakini ng'ombe aliyehimili ukame, Boran, walimpata kwa wafugaji Waborana wa kaskazini, ndipo wakamboresha.

4/ Kwa hivyo mtu akisema walianza na sifuri, mwulize: ng'ombe walitoka wapi, na wenyeji walipelekwa wapi?