Kukalafati Programu: Tarihi Fupi ya Istilahi

Mafundi wa vyombo wa Pemba wajua tangu zamani kwamba hata chombo kizima hukalafatiwa. Pamba kuukuu hutolewa, mpya ikashindiliwa kati ya mbao, na deheni ikapakwa kabla maji hayajaingia. Twaona neno hilo lafaa pia katika kazi za kompyuta.

Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma waliunda JUnit, kiunzi huria cha kujaribia programu. Kila sehemu ya programu huulizwa swali ambalo jibu lake lajulikana, nacho kiunzi huonyesha palipokosewa. Toleo la 5, la mwaka 2017, lilibadili hata maneno: amri iliyosema "kabla" tu ikawa "kabla ya kila", ili kuondoa utata. Hata hivyo, majaribio ya zamani yaliachiwa njia ya kuendelea kutumika.

Jambo hili latuhusu. Mwaka 2005 Zanzibar ilianza kutumia DHIS, mfumo huria wa takwimu za afya. Mrithi wake, DHIS2, hujaribiwa kwa JUnit. Kiunzi kikiachwa kichakae, kosa laweza kupita bila kuonekana, na hesabu ya watoto waliochanjwa Wete au Mkoani ikapotoka.

Mfasiri huvutwa kuandika "ukarabati". Lakini ukarabati hungoja uharibifu. Kwa kazi ya kutunza kisichoharibika bado, twapendekeza "ukalafati", neno lililokwisha kuzoea maji yetu.